Damu Iliyomwagika Rufiji: Kesi Yake Ni ya Mahakama Ipi?

SUALI: Sisi ni familia ya Ikwiriri. Mwaka 2017, wakati wa ile khofu ya Kibiti, ndugu yetu alichukuliwa na watu tusiowajua na mpaka leo hatujui kama yu hai. Wapo wanaotuambia kesi yetu ni ya The Hague, na wapo wanaosema The Hague ni ya marais na majenerali tu. Masheikh wetu, jambo kama hili lina mahakama? Na ni ya hapa au ya huko?

JIBU: Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Suali hili si la familia moja peke yake. Tumeulizwa hivyo hivyo na watu wa Kibiti, na hapa Unguja wapo waliotuuliza kama yaliyotokea Januari 2001 nayo yana njia huko. Kwa hivyo tutajibu kwa upana kidogo, na msomaji atuvumilie, kwani habari ya mamlaka ya mahakama haisemeki kwa mstari mmoja.

Kwa msomaji wa visiwani ambaye Rufiji anaijua kwa boriti na mchele wake, tukumbushe. Ikwiriri ni mji wa njiani, barabara ya Lindi, kabla hujafika Daraja la Mkapa. Baina ya 2015 na 2017, katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji, waliuawa watu zaidi ya 30. Wengi walikuwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama tawala na askari polisi. Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa mara moja wilayani Kibiti. Serikali ikapeleka nguvu kubwa, na pikipiki zikakatazwa kutembea usiku. Kisha ikaja sura ya pili ya msiba: familia zikaanza kusema watu wao wamechukuliwa na hawakurudi. Mwandishi wa gazeti la Mwananchi aliyekuwa akiripoti mauaji hayo, Azory Gwanda, naye alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. Julai 2019 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Profesa Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba alitoweka na akafa, kisha akasema maneno yake yalifahamika vibaya. Kauli ya waziri si uchunguzi, na tutaona mbele kwa nini tofauti hiyo ina uzito.

Kabla ya sheria za watu, tuseme lililo wazi katika dini. Damu ya askari aliyeuawa akiwa kazini, ya mwenyekiti wa kitongoji aliyepigwa risasi mlangoni kwake, na ya kijana aliyechukuliwa asirudi, zote ni damu zenye hurma, na aliyeimwaga kwa dhulma ana hesabu yake. Hatukubali mtu atumie kadhia ya waliopotea kuwasafisha waliowaua viongozi wa vijiji. Wala hatukubali mauaji ya viongozi yawe ndiyo rukhsa ya kupoteza watu.

Sasa tuje kwenye mahakama. Kwanza tuondoe mchanganyiko mmoja ambao hata baadhi ya makhatibu wetu wanao. The Hague, mji wa Uholanzi, una mahakama mbili kubwa. Moja ni Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo inaamua magomvi baina ya nchi na nchi. Ndiyo iliyopokea kesi ya Afrika Kusini dhidi ya Israel kuhusu Gaza mwezi Disemba 2023. Hiyo haimfungi mtu jela. Ya pili ni Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, ICC, nayo inamshitaki mtu kwa jina lake, awe rais, mkuu wa kikosi au kiongozi wa waasi. Hiyo ndiyo iliyotoa hati ya kumkamata Waziri Mkuu wa Israel, Benjamin Netanyahu, tarehe 21 Novemba 2024. Mtu akisema "twende The Hague" kwa ajili ya ndugu aliyepotea, anakusudia hii ya pili.

ICC haisikilizi kila uovu. Makosa yake ni manne: mauaji ya kimbari, makosa dhidi ya ubinadamu, makosa ya kivita, na uchokozi wa nchi moja kuivamia nyingine. Ugaidi kwa jina lake haumo. Kuua mtu mmoja kwa kisasi hakumo. Lakini kumpoteza mtu kwa nguvu, yaani kumchukua kwa idhini au kwa msaada wa dola au wa kundi la kisiasa kisha kukataa kusema aliko, kumetajwa waziwazi miongoni mwa makosa dhidi ya ubinadamu. Sharti lake ni kwamba jambo hilo liwe sehemu ya shambulio dhidi ya raia, lililoenea au lililopangwa, na nyuma yake iwepo sera ya dola au ya kundi. Hapo ndipo penye mzigo mkubwa wa ushahidi.

Tena kuna mpaka wa wakati. Mkataba wa Roma ulioiunda ICC ulianza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2002. Tanzania iliuridhia tarehe 20 Agosti 2002, na kwetu ukaanza tarehe 1 Novemba mwaka huo. Mahakama hiyo haitazami nyuma. Hili linajibu suali la ndugu zetu wa Pemba. Januari 2001 watu waliuawa kwenye maandamano, na zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilitaja vifo 31. Yote hayo yako upande wa pili wa mpaka wa tarehe, na ICC haina mkono wa kuyafikia. Wazee wa Rufiji wana lao la zamani zaidi: Kinjeketile Ngwale, aliyenyongwa na Wajerumani Mohoro mwezi Agosti 1905 mwanzoni mwa vita vya Majimaji, vilivyoua watu kwa makumi ya maelfu. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha. Msamaha uliombwa, lakini mahakama ya jinai ya kimataifa kwa hilo haipo. Ya Kibiti ya 2017, kwa upande wa tarehe, yamo ndani ya mamlaka.

Na kwa upande wa mahali pia yamo, kwa sababu yametokea katika ardhi ya nchi mwanachama. ICC inaweza kumshika mtu kwa mojawapo ya mambo mawili: kosa limetendeka katika nchi mwanachama, au mtendaji ni raia wa nchi mwanachama. Wazazi walisikie hili la pili. Imeelezwa mara nyingi kwamba baadhi ya vijana kutoka pwani yetu walivuka Ruvuma kujiunga na wanamgambo wa Cabo Delgado, na wanamgambo hao hao waliwahi kuvuka kuja huku wakashambulia Kitaya, Mtwara, Oktoba 2020. Msumbiji si mwanachama wa Mkataba wa Roma. Lakini Mtanzania anayechinja raia Msumbiji hajajificha kwa kuvuka mto, kwani uraia wake umemfuata.

Tumefika penye kiini cha suali: kama kosa ni la kimataifa na nchi ni mwanachama, kwa nini kesi isiende moja kwa moja? Kwa sababu ICC imewekwa kuwa ya kujazia. Mahakama ya nyumbani ndiyo yenye haki ya mwanzo na wajibu wa mwanzo. Nchi ikichunguza kwa kweli, ICC inakaa mbali. Inaingia pale nchi isipotaka au isipoweza. Na neno "kwa kweli" limo ndani ya mkataba wenyewe: kesi ya maonyesho, iliyofunguliwa ili kumkinga mkosaji, haihesabiwi.

Haikuwa hivyo siku zote. Sisi Watanzania tuliishi na mahakama ya aina nyingine pale Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Novemba 1994 na kufungwa mwisho wa 2015, ilikuwa na kipaumbele. Ikimtaka mtu, mahakama ya nchi yoyote inatakiwa impishe. Iliwashitaki watu 93 na kuwatia hatiani 62. Lakini hata huko kugawana mamlaka hakukuwa kwepesi, na kisa cha Bernard Ntuyahaga ni somo tosha. Huyu alikuwa meja wa jeshi la zamani la Rwanda, akihusishwa na mauaji ya askari kumi wa Kibelgiji waliokuwa walinda amani Kigali mwaka 1994. Alijisalimisha Arusha mwaka 1998. Mwaka uliofuata mwendesha mashitaka akaomba kumfutia kesi ili Ubelgiji imhukumu. Majaji wakakubali kuifuta, lakini wakasema hawana uwezo wa kuamuru akabidhiwe nchi fulani. Akatoka Arusha, akakamatwa Dar es Salaam, na miaka ikapita huku Rwanda inamtaka na Ubelgiji inamtaka. Mwaka 2004 akaenda Ubelgiji kwa khiari yake, na 2007 akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Mtu mmoja amepita kwenye mikono ya mahakama ya kimataifa, ya Tanzania na ya Ubelgiji, na Rwanda nayo inasubiri mlangoni!

Watu wa visiwani, kwa kweli, hawahitaji kufundishwa sana uzito wa suali la "mahakama ipi". Masheikh wa Uamsho walikaa miaka mahabusu Dar es Salaam kwa mashitaka ya ugaidi, na moja katika hoja za mawakili wao ilikuwa kama mahakama ya Bara ina mamlaka juu ya mambo yanayodaiwa kutendeka Zanzibar. Walitoka Juni 2021, Mkurugenzi wa Mashitaka alipoiondoa kesi. Miaka hiyo hakuna aliyewarudishia.

Turudi kwenye ICC tuone namna kanuni ya kujazia inavyofanya kazi, na hakuna mfano ulio karibu nasi kama Kenya. Baada ya uchaguzi wa Disemba 2007 waliuawa watu zaidi ya 1,100. Tume ya Jaji Philip Waki ikapendekeza mahakama maalumu ya ndani, na kwa tahadhari majina ya watuhumiwa yakatiwa kwenye bahasha akakabidhiwa Kofi Annan. Februari 2009 Bunge la Kenya likaukataa mswada wa mahakama hiyo. Julai bahasha ikaenda kwa mwendesha mashitaka wa ICC, Luis Moreno Ocampo, na Disemba 2010 akatangaza majina sita. Hapo ndipo serikali ya Kenya ilipokwenda The Hague kusema: tuna katiba mpya, tunarekebisha mahakama na polisi, tuachieni wenyewe. Tarehe 30 Mei 2011 majaji wakaikatalia, na rufaa ikashindwa Agosti 30. Walichosema kinafaa kukaririwa na kila familia ya Kibiti: ahadi ya kurekebisha si uchunguzi. Nchi inatakiwa ioneshe kwamba inamchunguza mtu yule yule kwa jambo lile lile, kwa hatua zinazoonekana: nani amehojiwa, lini, ushahidi gani umekusanywa. Kenya haikuwa nayo.

Lakini mwisho wa kesi za Kenya nao usimuliwe, tusiwape watu tamaa isiyo na mizizi. Mashitaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Disemba 2014, na ya William Ruto na Joshua Sang yakaishia Aprili 2016. Mashahidi walijitoa, wengine wakabadilisha maneno, na mahakama ikazungumza wazi kuhusu kuingiliwa kwa mashahidi. Yaani kesi ilivuka kikwazo cha mamlaka, kisha ikafia mikononi mwa watu wa nyumbani. Walioondokewa na jamaa zao Eldoret na Naivasha hawakupata hukumu huku wala kule.

Uganda ilipita njia nyingine. Serikali yenyewe iliipeleka kadhia ya waasi wa LRA kwa ICC mwishoni mwa 2003. Dominic Ongwen, aliyetekwa akiwa mtoto akakulia humo mpaka akawa kamanda, alihukumiwa The Hague mwaka 2021 miaka 25. Thomas Kwoyelo, naye aliyetekwa mtoto katika kundi hilo hilo, alihukumiwa na mahakama ya Uganda yenyewe, kitengo cha makosa ya kimataifa cha Mahakama Kuu. Alikamatwa 2009, na hukumu ya miaka 40 ikatoka Oktoba 2024. Msomaji ahesabu mwenyewe: miaka 15. Mahakama ya nyumbani imeweza, lakini kwa mwendo wa kuchosha. Na kuna Libya, ambako ICC mwaka 2013 ilitoa majibu mawili tofauti katika nchi moja. Kesi ya Abdullah al-Senussi iliachwa Libya kwa kuwa huko alikuwa anashitakiwa kweli, na ya Saif al-Islam Gaddafi haikuachwa kwa sababu serikali ilishindwa hata kumtoa mikononi mwa wanamgambo wa Zintan.

Wanaosema The Hague ni ya Waafrika wana sehemu ya ukweli. Kwa miaka mingi washitakiwa wote walikuwa Waafrika. Lakini Uganda, Kongo na Mali zilijipeleka zenyewe, na hilo husahauliwa. Lawama iliyo na nguvu zaidi, kwa rai yetu, ni kwamba mahakama hiyo haina polisi. Omar al-Bashir alihudhuria sherehe ya katiba mpya Nairobi Agosti 2010 akiwa na hati ya kukamatwa juu ya kichwa chake, akala akashiba akarudi Khartoum. Na hati ya Netanyahu tunaijua ilivyo.

Basi familia ya Ikwiriri isimame wapi?

Tarehe inakubali, mahali panakubali, na aina ya kosa imo kwenye mkataba. Yaliyobaki ni mawili mazito. La kwanza ni kuthibitisha kwamba waliopotea si matukio ya mmoja mmoja bali ni jambo lililoenea au lililopangwa. Hilo halithibitishwi na familia moja, linathibitishwa na familia nyingi ambazo maelezo yao, yaliyotolewa mbalimbali, yanafanana: siku, gari, namna walivyokuja, walikopelekwa. Vivyo hivyo kwa wajane wa askari na wa wenyeviti waliouawa. ICC haishitaki serikali tu, na kundi lenye mpango la kuua raia linaingia vile vile, kama lilivyoingia la Uganda.

La pili ni kuonesha mahakama ya nyumbani imefanya nini. Tanzania haijatunga sheria ya ndani inayoyataja makosa dhidi ya ubinadamu kama zilivyofanya Kenya na Uganda, lakini hilo pekee haliwi udhuru. Kuua ni kuua na kuteka ni kuteka katika sheria yetu ya kanuni za adhabu, na ICC hutazama kitendo kinachochunguzwa, haitazami jina la shitaka. Kwa hivyo anayekwenda The Hague bila ya kubisha hodi polisi wala mahakamani hapa nyumbani atarudishwa kwa suali jepesi: uliripoti wapi?

Ndiyo maana tunashauri kabla ya mengine yote: kama namba ya RB ilitolewa mwaka ule, itafuteni, ipigeni picha, wekeni nakala kwa watu wawili. Kama hamkuripoti kwa khofu, bado inawezekana, kwani kesi ya kuua haifi kwa kupita miaka, si hapa wala The Hague. Andikeni barua kuuliza uchunguzi umefikia wapi, na mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Ukimya wa ofisi baada ya barua yenye mhuri nao ni ushahidi. Mahakama Kuu inaweza kuombwa imuamuru anayedaiwa kumshikilia mtu amlete mbele yake. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko, Bara na Zanzibar. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina mawakili wanaozijua njia hizi. Kila mwenye kushuhudia aandikiwe maelezo yake wakati kumbukumbu bado ipo, kwa lugha yake mwenyewe, bila ya kuongezewa. Kwetu Waislamu kuficha ushahidi ni dhambi na kuzidisha ni dhambi. Na majina ya mashahidi yasitembezwe kwenye makundi ya WhatsApp. Mmeona yaliyozipata kesi za Kenya.

Kumwandikia mwendesha mashitaka wa ICC kunaruhusiwa kwa mtu yeyote, hakuna ada wala hakuhitaji wakili. Lakini barua hiyo si kesi. Ni taarifa tu, na yeye ana khiari ya kuichukua, na akiichukua kwa khiari yake lazima majaji wamruhusu kufungua uchunguzi. Msije mkauziwa fomu na mtu yeyote.

Mahakama mbili za Arusha pia zinatajwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huihukumu nchi, haimfungi mtu, na tangu Tanzania ijitoe kwenye tamko lake Novemba 2019, na kujitoa huko kukaanza kazi mwaka mmoja baadaye, mtu binafsi hawezi kuifikia kwa kesi mpya dhidi ya Tanzania. Mahakama ya Afrika Mashariki ina muda wa miezi miwili tu tangu tukio, ambao kwa jambo la 2017 umekwisha zamani. Tume ya Afrika ya Banjul bado hupokea malalamiko, kwa masharti, na la kwanza ni hilo hilo la kumaliza njia za nyumbani.

Ama mke wa ndugu yenu aliyepotea, edda yake, ndoa na mirathi, hilo ni la kisheria kwa maana yetu ya sheria, na maulamaa wamekhitalifiana: wapo wanaosema asubiri miaka minne kisha akae edda ya kufiwa, na wapo wanaosema asubiri mpaka yakini ipatikane. Kwa kuwa Bara makadhi hawana mamlaka ya kidola kama hapa Zanzibar, atahitaji pia amri ya mahakama ya kawaida ili cheti chake kikubalike. Tutumieni tarehe aliyochukuliwa na idadi ya watoto, tutalijibu peke yake inshaallah.

Wallahu aalam.